Maji Yazuiwe Nje ya Msingi: Kuvikinga Vyumba vya Chini Dhidi ya Unyevu

Maelezo ya fundi sanifu majengo mbele ya wakazi wa Ilula, kuelekea msimu wa mvua. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa nizungumze juu ya maji yanayoingia ndani ya nyumba kutoka chini. Sisemi mafuriko, wala bati linalovuja. Nasema yale maji yasiyo na kelele, yanayojipenyeza katika ukuta na sakafu hata mwenye nyumba akayagundua siku anapoinua gunia na kuona kitako chake kimeoza.

Hapa kwetu ni wachache wanaojenga ghorofa kamili chini ya ardhi kama wafanyavyo wenye majengo makubwa ya mijini. Hata hivyo, mji wetu umekaa katika miteremko, na mteremko humlazimisha mjenzi kuchagua. Wengine hukata udongo na kuiegemeza nyumba kwenye ukingo, hivi kwamba ukuta wa nyuma unashikilia mlima. Wengine huweka duka au sebule usawa wa barabara, kisha chini yake, upande wa bondeni, wakapata chumba kimoja au viwili. Chumba cha namna hiyo kina ubaridi, hakionekani na wapita njia, na hakimgharimu mtu kiwanja cha ziada. Ndiyo maana aghalabu hugeuzwa ghala. Humo huwekwa mahindi ya kula mwaka mzima, vitunguu vinavyosubiri bei, mifuko ya mbolea, na saruji iliyobaki.

Kwa hiyo, tunapozungumza juu ya unyevu wa chumba cha chini, hatuzungumzii uzuri wa rangi ukutani. Kitunguu kilichokaa katika hewa nzito huanza kuota na kuoza kabla bei haijapanda. Saruji iliyopata unyevu huganda mfukoni. Na mahindi, ndugu zangu, ndiyo hasa yaliyonileta hapa. Punje iliyokauka vizuri ina unyevu usiozidi asilimia 13.5. Iweke juu ya sakafu inayotoa jasho na itaunywa unyevu huo polepole, na kuvu itaota katikati ya gunia ambako jicho halifiki. Baadhi ya kuvu hizo hutengeneza sumu tunayoiita sumukuvu. Mwaka 2016 wenzetu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na takriban watu 20 walifariki. Miaka kumi na miwili kabla yake, mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, katika maeneo ya Makueni na Kitui, walikufa watu 125. Ni kweli kwamba kuvu ile hupenda joto kuliko tulilo nalo hapa, na kwamba mara nyingi uchafuzi huanzia shambani. Lakini hakuna kuvu inayoota mahali pakavu, na sumu ikishatengenezwa haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika ugali. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka mingi huharibu ini lake bila kujua.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe.

Maji yanayofika ndani ya chumba cha chini yalikuwa nje kwanza. Maneno haya yanaonekana mepesi, lakini kazi nyingi za ukarabati ninazoitwa kuzikagua zimefanywa kana kwamba si kweli. Mwenye nyumba huona doa ukutani, humwita fundi, fundi hubandua lipu iliyolegea na kupiga nyingine yenye saruji nyingi zaidi, hulipwa, huondoka. Msimu unaofuata doa limehamia nusu mita juu, au lipu mpya imevimba na kudondoka kama ganda la yai. Fundi wa pili huitwa aongeze saruji.

Tuangalie kwa nini. Tofali la kuchoma, ambalo ndilo tunalolitegemea katika mkoa huu, lina vitundu vidogo visivyoonekana. Maji hupanda katika vitundu hivyo kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi wa kibatari, bila kusukumwa na mtu. Yakifika juu hutafuta mahali pa kutokea hewani. Ukuta ukiwa wazi hutokea karibu na ardhi na kukauka. Ukiuziba kwa saruji ngumu upande wa ndani, hujakata utambi, umeurefusha tu. Maji hupanda mpaka yapate upenyo, yakibeba chumvi za udongo, na ile chumvi nyeupe mnayoipangusa ukutani kila wiki ndiyo inayoipasua lipu inapokauka na kuvimba.

Jambo hili halikugunduliwa Ilula. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako kuta za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wataalamu wa uhifadhi wamekuwa wakisisitiza kwamba nyumba hizo zirekebishwe kwa chokaa na si kwa saruji, kwa sababu saruji huufungia unyevu ndani ya ukuta na ukuta huoza taratibu. Matofali yetu si matumbawe, lakini tabia ya maji ni ileile.

Hiyo ni kwa maji yanayopanda. Yapo na yale yanayosukuma. Mvua ikinyesha siku kadhaa mfululizo, udongo ulio nyuma ya ukuta uliochimbiwa mlimani hujaa maji. Kila mita moja ya kina cha maji hayo husukuma kitako cha ukuta kwa nguvu ya takriban tani moja kwa kila mita ya mraba. Lipu ya sentimita moja na nusu iliyopakwa ndani haiwezi kushindana na nguvu hiyo, kwa kuwa inasukumwa kutoka mgongoni mwake. Na pale inapofanikiwa kuyazuia, mzigo wote hubaki juu ya ukuta. Nimeona kuta zilizopinda kuelekea ndani, na nyufa za kulala zilizopita katikati ya ukuta kutoka kona hadi kona. Mwenye ufa wa namna hiyo asiupake rangi. Ahamishe kitanda cha mtoto kutoka chumba hicho leo, kisha aje ofisini.

Basi, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, hapana budi mtu ajue maji yake yanatoka wapi. Njia ya kwanza ni kuangalia wakati. Chumba kinacholowa saa chache tu baada ya mvua kubwa, mara nyingi kosa lake liko karibu: paa linamwaga maji mguuni mwa ukuta, au uwanja umeinamia nyumba. Kinacholowa siku mbili tatu baadaye, na kuendelea kulowa wiki nzima hata jua likiwaka, kinapokea maji ya mlimani yanayosafiri ndani ya udongo. Na kinacholowa mwezi wa Septemba, wakati vumbi limejaa barabarani, hakina uhusiano na mvua. Hapo tazama bomba. Funga mabomba yote ya nyumba jioni, soma dira ya maji, usimruhusu mtu kuchota, kisha uisome tena asubuhi. Ikiwa imesogea, unalipia maji yanayomwagika chini ya sakafu yako. Kama bomba ni zima, tazama shimo la choo na shimo la maji machafu, la kwako na la jirani aliye juu yako. Maji ya namna hiyo huwa na harufu, na hayo si ya kuvumiliwa kwa sababu yana magonjwa.

Yapo pia maji yasiyotoka ardhini kabisa. Baridi yetu ya Juni na Julai mnaijua. Ukuta ulioegemea udongo huwa baridi usiku kucha. Watu wakipika, wakioga, wakipumua ndani, mvuke hugusa ukuta huo na kugeuka matone, kama sufuria la maji ya baridi linavyotoa jasho mezani. Namna ya kutofautisha ni rahisi na haina gharama. Chukua kipande cha nailoni chenye upana wa kama kiganja viwili, ukibandike ukutani kwa utepe wa kunata pande zote nne, ukiache siku mbili. Ukikuta matone juu ya nailoni, upande wa chumbani, chumba chako kinakosa hewa. Ukiyakuta nyuma yake, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Fanya hivyohivyo sakafuni. Mwenye tatizo la hewa atoboe matundu mawili yanayotazamana, moja chini na lingine juu, ayawekee wavu wa kuzuia panya, na afungue dirisha mchana wakati hewa ya nje ni kavu. Asichimbe mtaro, hatapata faida yoyote.

Hapa sina budi kukatiza mada kwa neno moja. Kuna wanaokausha chumba cha chini kwa kuwasha jiko la mkaa na kufunga mlango, na wengine hulala humo ili wafaidi na joto. Mkaa unaoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu husinzia na haamki. Chumba kilicho chini, chenye dirisha moja dogo, ni mahali pabaya kuliko pote kwa jambo hilo. Tafadhali mwambieni kila mpangaji.

Sasa tuje kwenye dawa, na nianze na paa kwa kuwa ndilo linalodharauliwa. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Nyumba ya kawaida yenye paa la mita kumi kwa nane, ikinyeshewa milimita 20 alasiri moja, hukusanya lita 1,600. Hayo ni mapipa manane ya lita 200. Yote humwagwa katika mstari mwembamba kandokando ya msingi, tena pahali palepale kila siku, mpaka pakachimbika mfereji uliojielekeza kwenye ukuta. Mtu huyuhuyu hulalamika kwamba maji ya bomba ni ya shida. Mfereji wa bati chini ya paa, na bomba la kuyashusha maji hadi kwenye tangi au mbali na nyumba kwa mita tatu au zaidi, mara nyingi humaliza nusu ya tatizo kabla hatujagusa udongo. Na mfereji huo usafishwe kabla ya mvua, maana majani ya miti yakiziba, maji yatamwagika kwenye ukuta kwa wingi kuliko mwanzo.

Kisha uwanja. Ardhi iliyo jirani na ukuta inatakiwa kuinama kutoka nyumbani, walau sentimita tano kwa kila mita, kwa umbali wa mita mbili. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, unatosha kupima. Kila fundi anao. Jazeni udongo wa mfinyanzi mkashindilie, msijaze mchanga wala kifusi cha ujenzi, kwa kuwa vitu hivyo vinayakaribisha maji. Udongo huo usipande ukafunika tofali la ndani ya nyumba: sakafu iwe juu ya ardhi ya nje kwa sentimita 15 pale inapowezekana. Ninapita katika vitongoji na kuona bustani za maua, migomba, hata bafu la nje, vyote vimeegemezwa kwenye ukuta wa chumba cha chini. Mgomba ni mmea mzuri. Upandwe mahali pengine.

Kwa nyumba iliyoegemea mlima, paa na uwanja havitoshi. Hapa nitawategemea ninyi zaidi kuliko vitabu, kwa sababu wengi wenu mmelima vinyungu. Mkulima wa vinyungu hafuti maji bondeni kwa kitambaa, wala hamwagi udongo mkavu juu ya matope akatumaini. Huchimba mfereji, maji ya ardhini hushuka hadi usawa wa mfereji huo, na tuta lililo kati hubaki na unyevu unaofaa mboga. Nyumba inahitaji kitendo hichohicho. Tunataka kuyashusha maji yaliyo nyuma ya ukuta yawe chini ya sakafu, ili ukuta ukose cha kunywa.

Kazi ina sehemu mbili. Kwanza, mtaro wa wazi juu ya nyumba, kama makingamaji ya shambani, unaoyapokea maji yanayoteremka juu ya ardhi na kuyazungusha pembeni. Huo ni wa jembe na sululu, siku mbili za familia moja. Pili, mfereji uliozikwa karibu na ukuta wenyewe. Huchimbwa kwa upana wa sentimita 40 hivi, na kina chake kishuke chini kidogo ya usawa wa sakafu ya ndani, lakini kisipite kitako cha msingi. Chini huwekwa kokoto safi, juu yake bomba la plastiki lililotobolewa, matundu yakielekea chini, likiinama sentimita moja kwa kila mita mpaka litokeze hewani upande wa bondeni. Bomba hufunikwa kwa kokoto hadi karibu na juu, na kati ya kokoto na udongo huwekwa kitambaa cha kuchuja. Kikikosekana, tabaka la mchanga wa mto uliooshwa. Bila kichujio, tope litaingia na mfereji utakufa baada ya misimu michache. Mwisho hufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi ili maji ya juu yasiingie humo.

Kabla ya kufukia, ukuta wa nje ambao sasa uko wazi usafishwe, uachwe ukauke, upigwe lipu laini yenye dawa ya kuzuia maji, kisha upakwe lami mikono miwili. Hapa ndipo saruji na lami zinapofanya kazi yake sawasawa, kwa sababu maji yanazibana dhidi ya ukuta badala ya kuzing'oa.

Kuna hatari mbili ambazo sitaki kuzipita haraka. Yeyote anayechimba karibu na msingi wa nyumba iliyokwisha kujengwa achimbe vipande vifupi, mita moja na nusu au mbili, akamilishe na kufukia kabla hajaanza kipande kingine. Kufungua ukuta mzima kwa mara moja ni kuuondolea egemeo lake. Na mtaro unaozidi kina cha mita moja na robo usichimbwe bila kuegemeza kingo zake kwa mbao, hata kama udongo unaonekana mgumu. Udongo mwekundu hukaa wima kama ukuta ukiwa mkavu; ukilowa, huanguka bila kutoa taarifa. Kazi hizi zote ni za kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Atakayeniita Januari nitamshauri kuhusu paa na mtaro wa juu tu.

Wenye kuta za kushikilia udongo zilizosimama peke yake wajue kwamba yale matundu yaliyoachwa ukutani hayakuachwa kwa usahaulifu wa fundi. Ni njia ya maji. Msiyazibe kwa sababu yanachafua kibaraza.

Na ukuta uliokwisha kulowa kwa miaka? Ukishaondoa chanzo, bandua lipu mbovu hadi sentimita 30 juu ya mwisho wa doa, upige brashi chumvi yote, usiioshe kwa maji, uache tofali wazi kiangazi kizima. Ukuta mnene huchukua miezi kukauka. Najua haipendezi. Lakini lipu ya haraka juu ya tofali bichi ni fedha iliyotupwa, na baadaye, ukirudishia, lipu yenye chokaa itaacha unyevu uliobaki utoke.

Kwa anayeanza kujenga, maelezo ni mafupi kwa kuwa mambo ni mepesi na ya bei ndogo wakati huu. Juu ya msingi, kabla ya tofali la kwanza la ukuta, hutandikwa ukanda usiopitisha maji, na chini ya jamvi la zege hutandikwa nailoni nzito isiyotoboka, vipande vikilaliana kwa sentimita 30, na ikunjwe kwenda kukutana na ule ukanda wa ukutani. Chini ya nailoni kuwe na mawe yaliyoshindiliwa na mchanga wa kuilinda. Gharama yake ni sehemu ndogo sana ya nyumba. Mjengaji akiisahau siku hiyo, hawezi kuirudishia kwa gharama ya kawaida tena. Mwambieni fundi awaoneshe nailoni hiyo kabla hajamwaga zege. Fundi mwaminifu hatachukia. Na kabla ya yote hayo, kibali cha ujenzi. Afisa anayekagua kiwanja chako atakuambia kama umenunua kinyungu cha mtu. Kiwanja kinachouzwa kwa bei nafuu Agosti, chenye majani mabichi wakati jirani zake ni vumbi tupu, kinakueleza chenyewe maji yako wapi. Kadhalika, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto.

Nirudi kwenye mahindi. Wazee wetu walihifadhi nafaka katika vihenge vilivyoinuliwa juu ya ardhi, hewa ikapita chini yake. Sisi tukayaleta mahindi ndani, tukayalaza juu ya sakafu ya saruji tukidhani kwamba kila kigumu ni kikavu. Saruji hunywa maji. Hata chumba kilichokarabatiwa vizuri, magunia yawekwe juu ya chaga ya mbao, walau kiganja kutoka sakafuni, na yasiguse ukuta. Acheni nafasi ya mtu kupita na kutazama. Mbao za matenga ya nyanya yaliyochakaa zinafaa kabisa kwa kazi hiyo. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri, ila iingizwe mahindi yaliyokauka kweli, kwa kuwa mfuko huo huhifadhi kile unachoukabidhi, kikavu au kibichi. Na chumba ambacho bado kinavuja, kwa msimu huu, kisitumike kuhifadhi chakula. Kiwekeni majembe.

Limebaki suala la majirani, ambalo najua limewaleta wengine hapa. Katika mteremko, maji ninayoyafukuza kwangu yanateremka kwako. Mtaro unaoishia kwenye mpaka haujatatua kitu; umehamisha tatizo na kuongeza ugomvi. Ninashauri nyumba zinazofuatana kwenye mteremko mmoja zichimbe pamoja, kuanzia chini kwenda juu, ili kila mtaro ukute mwingine unaoupokea, mpaka kwenye korongo au mtaro wa barabara. Wenyeviti wa vitongoji waitishe kikao cha kila mteremko, si cha kitongoji kizima. Wakishindwana, Baraza la Ardhi la Kata lipo, na kazi yake ni kuwasuluhisha. Kuhusu barabara, mitaro na makalavati ya barabara kuu yako chini ya TANROADS, na ya barabara zetu za ndani yako chini ya TARURA. Kalavati linalomwaga maji kwenye kiwanja cha mtu liripotiwe kwa maandishi kupitia kwa Mtendaji, likielezwa mahali lilipo na tarehe maji yalipoingia ndani. Lakini tusiwaandikie kuhusu mitaro tuliyoiziba wenyewe kwa taka, au kwa vidaraja vya kuingilia dukani vilivyomwagwa zege bila bomba chini yake. Vidaraja hivyo nimeviona nilipokuwa nakuja hapa.

Kwa mwenye fedha kidogo, na wengi wetu ndivyo tulivyo, mpangilio wangu ni huu: mwaka huu mtaro wa juu na mwinamo wa uwanja, ambavyo ni nguvu za mikono, mavuno yakilipa, mfereji wa paa, kiangazi kinachofuata, bomba la nyuma ya ukuta, na lipu iwe ya mwisho kabisa. Mvua ya kwanza ikishuka, chukua mwavuli na mambo kumi za mti, uzunguke nyumba yako kwa robo saa. Popote utakapoona maji yametulia karibu na ukuta, chomeka mambo. Mvua ikikatika, hizo ndizo sehemu za kuanzia.

Walioleta sampuli za mahindi wamwone Afisa Ugani. Amekaa pale karibu na mlango. Mimi niko tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na mafundi.